Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, stima imepotea katikati, sasa ni "kernel panic". Nisaidieni kabla haijapigwa fomati

mgeni_wa_tudor

Salaam wadau.

Kompyuta ya nyumbani ni HP ya mezani, ex-UK, ilikuwa na Ubuntu 22.04, mfumo wa Linux. Iliwekwa 20.04 mwanzo, ikapandishwa hadi 22.04 bila matata. Juzi usiku nikaipandisha kwenda 24.04 kwa `sudo do-release-upgrade`. Vifurushi vikashuka vyote, ikaanza kusakinisha, na hapo stima ikapotea Tudor nzima, hapa Mombasa. UPS ikapiga kelele kidogo ikazima nayo, betri imechoka.

Stima iliporudi nikawasha. Nembo ya HP inatokea, maandishi meupe yanashuka mbio, na ya mwisho ni haya:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Hapo inaganda, mpaka nizime kwa kidole.

Nimemtumia fundi mmoja picha ya skrini, kasema diski imekufa, nimpelekee aweke nyingine na apige fomati. Mle ndani mna hesabu zote za chama cha mama na picha za arusi ya dada. Nakala iliyoko kwenye fleshi ni ya kabla ya Ramadhani. Kuna njia nyingine?

KibokoWaMtwapa

Pole yakhe. Hizi Linux ndivyo zilivyo. Toa diski, uchukue mafaili yako kwa kompyuta nyingine, kisha uweke Windows ulale usingizi.

BintiMvita

Kaka, usipeleke popote kwanza. Hakuna neno hata moja kwenye huo ujumbe linalosema diski imekufa.

Kerneli, yaani moyo wa mfumo, imeamka, ikatafuta mfumo wa faili wa mzizi ili iendelee, haikuuona. Hiyo `unknown-block(0,0)` maana yake haikupewa kifaa chochote cha kutazama. Diski mbovu kwa kawaida hutoa kelele nyingine kabisa: mistari ya `I/O error` inajirudia, au BIOS yenyewe inalalamika kabla ya kufika mbali.

Ninachoshuku ni initrd. Ni faili linalokaa ndani ya /boot, GRUB (programu inayoanzisha mfumo) hulipakia pamoja na kerneli, na ndani yake mna draiva na vyombo vya kufungulia diski. Kerneli bila initrd ni gari lililofika Likoni feri hakuna: ng'ambo unaiona, kuvuka huwezi.

Niambie mambo mawili. Ulipoweka Ubuntu ulichagua diski ifungwe kwa neno la siri? Na kama ulichagua, sasa hivi ukiwasha, unaulizwa hilo neno kabla ya kuganda?

mgeni_wa_tudor

Dada, diski imefungwa, ndiyo. Na sasa umenishtua: haijaniuliza neno la siri hata mara moja tangu iharibike. Inapita moja kwa moja hadi kwenye huo ujumbe.

BintiMvita

Basi mambo yameshajieleza. Anayekuuliza neno la siri ni initrd. Hukuulizwa, kwa hivyo haikupakiwa. Data yako imelala salama ndani ya LUKS, yaani huo ufungaji wa diski wa Linux, haijaguswa.

Sasa washa, na nembo ya HP ikitoweka tu gonga Esc hadi uone menyu ya GRUB. Kama mashine yako inawaka kwa BIOS ya kizamani badala ya UEFI, shikilia Shift. Ingia `Advanced options for Ubuntu`, uchague kerneli ya pili kutoka juu, ile ya kabla ya kupandisha. Ukiulizwa neno la siri, tumeshavuka nusu ya njia.

MzeeWaBandari

Msikilize huyo binti. Nami niongeze: usijaribu kila kerneli iliyoko kwenye orodha kwa papara. Mfumo uliosakinishwa nusu unaweza kuwaka na kerneli ya zamani, lakini kila ukiwasha na kuzima ovyo unaongeza uwezekano wa kuharibu kitu kingine, hasa na stima yetu hii ya kuja na kwenda.

mgeni_wa_tudor

Menyu imetokea. Kerneli ni tano. Nimechagua 6.8.0-40, ikaniuliza neno la siri, nikaandika, ikakubali! Ila baada ya hapo skrini ni nyeusi na kistari kinapepesa pembeni. Haifiki kwenye ukurasa wa kuingilia.

Mtanga_255

Mkuu hongera, hiyo ni hatua kubwa. Skrini nyeusi usiihofu, sehemu ya picha haijasanidiwa. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, utapata terminali tupu. Ingia kwa jina lako na nywila ya kawaida, halafu andika:

`sudo dpkg --configure -a`

Hiyo inamwambia dpkg, msakinishaji wa vifurushi, amalizie kazi aliyoiacha. Ikikuambia kuna lock, futa faili la `/var/lib/dpkg/lock-frontend` uendelee.

BintiMvita

Mtanga, hapo kwenye lock tukubaliane kutokubaliana. Kufuli likiwepo, kwanza uliza nani kalishika: `sudo lsof /var/lib/dpkg/lock-frontend`, au `ps aux | grep -E 'apt|dpkg'`. Pengine ni masasisho ya usiku yanayojiendesha yenyewe. Kulifuta huku programu inaandika ndiko kunakoharibu kanzidata ya vifurushi, na hapo ndipo watu hufika kwenye fomati kweli.

Mtanga_255

Sawa dada, hilo nakubali. Aangalie kwanza.

mgeni_wa_tudor

Hakukuwa na kufuli. Amri imekimbia muda mrefu, imesanidi vitu vingi sana, kisha ikaishia hapa. Naandika kwa mkono kutoka kwenye skrini:

`update-initramfs: failed for /boot/initrd.img-6.8.0-51-generic with 1.`
`Errors were encountered while processing:`

Chini yake orodha ya vifurushi vya linux-image. Niifanyeje hiyo linux-image?

BintiMvita

Hiyo linux-image iache kwanza. Wengi wanaopandisha toleo huangukia hapo: husoma mstari wa mwisho, wakauwekea dawa. Wa mwisho ni matokeo tu. Panda juu, utafute lalamiko la KWANZA. Maandishi yote yaliyopita kwenye skrini siku ile yako hapa:

`less /var/log/dist-upgrade/apt-term.log`

Na kwa haya ya leo, endesha dpkg tena upitishe kwa `2>&1 | tee ~/kosa.txt`, kisha `grep -n -i -m5 -E 'error|no space|cannot' ~/kosa.txt`. Hapo hapo tupe pia `df -h /boot` na `ls -lh /boot`.

mgeni_wa_tudor

Kosa la kwanza: `No space left on device`.

Na /boot ni 704M, imejaa asilimia 100. Yaliyomo, yale makubwa:

initrd.img-5.15.0-91-generic, 105M
initrd.img-6.2.0-39-generic, 128M
initrd.img-6.5.0-45-generic, 135M
initrd.img-6.8.0-40-generic, 140M
initrd.img-6.8.0-51-generic.new, 74M

Na vmlinuz (kerneli zenyewe) tano, kila moja kama 14M.

MzeeWaBandari

Haya, mwone mhalifu. Tazameni hilo faili la `.new`. Mfumo unapotengeneza initrd huandika kwanza kwenye jina lenye `.new`, ikikamilika ndipo hubadilisha jina. Hilo lina 74M na wenzake wana zaidi ya 100M. Halikukamilika. Kwa hiyo stima ikalaumiwa bure, au tuseme nusu bure: hata kama isingepotea, nafasi isingetosha.

BintiMvita

Umesema kweli mzee. Na sababu ya /boot kuwa ndogo hivyo ni ule ufungaji wa diski. Sehemu nyingine zote ziko ndani ya LUKS, /boot lazima ibaki nje ili GRUB ipate kerneli, na kisakinishi cha enzi za 20.04 kiliitengea hiyo 700M na kidogo tu. Wakati huo ilitosha. Tangu hapo kerneli zimenenepa, draiva za ndani ya initrd zimeongezeka, na wewe umebeba za zamani kutoka 5.15.

do-release-upgrade hukagua nafasi ya /boot kabla ya kuanza, lakini hukadiria. Kwako ilikadiria pungufu.

Dawa. Usifute kitu, hamisha. Na kwanza kabisa andika `uname -r` ujue unatumia kerneli gani sasa, hiyo usiiguse hata kidogo. Wewe uko kwenye 6.8.0-40. Basi:

`sudo mv /boot/initrd.img-5.15.0-91-generic /root/`
`sudo mv /boot/initrd.img-6.2.0-39-generic /root/`
`sudo rm /boot/initrd.img-6.8.0-51-generic.new`

Hilo la mwisho ndilo pekee la kufuta, kwa kuwa ni nusu faili. Kisha `df -h /boot` tena, uone zaidi ya 250M ziko wazi. Halafu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

dogo_wa_kongowea

Samahani, naruka ndani. Kwa nini asifanye tu `apt purge`, aziondoe kabisa hizo kerneli za zamani? Si ndiyo njia safi?

BintiMvita

Ni safi mfumo ukiwa mzima. Sasa hivi apt, meneja wa vifurushi, ina vifurushi vilivyosanidiwa nusu, itagoma kuondoa chochote mpaka umalize vilivyobaki, na vilivyobaki haviwezi kumalizika bila nafasi. Ndiyo maana unahamisha kwa mkono kwanza, unamaliza usanidi, KISHA unapurge kwa utaratibu.

mgeni_wa_tudor

Nafasi imepatikana, 293M. dpkg imemaliza bila kosa, na nimeona kwa macho yangu `Generating /boot/initrd.img-6.8.0-51-generic`. Sasa `apt --fix-broken install` inataka kuondoa libssl3 na libglib2.0-0 na nyingine kadhaa. Nimesita. Si hizo ndizo zinazotumiwa na kila kitu?

Mtanga_255

Usitie Y mkuu, subiri!

BintiMvita

Tia, lakini soma kwanza orodha ya vinavyoingia. Kila inayotoka ina mwenzake mwenye mkia wa t64: libssl3 inatoka, libssl3t64 inaingia. libglib2.0-0 inatoka, libglib2.0-0t64 inaingia. Ukiona kinachotoka hakina mbadala, na ni kitu kama ubuntu-desktop au network-manager, hapo ndipo pa kusimama.

Hiyo t64 inatokana na tarehe 19 Januari 2038. Mifumo ya biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na siku hiyo namba inajaa. Debian na Ubuntu wakaamua kupanua hesabu hiyo hadi biti 64, na maktaba zilizoguswa zikabadilishwa majina. Kompyuta yako ya biti 64 haikuwa na hatari hiyo, ila majina yamebadilishwa kote. Ndiyo sababu moja ya safari ya 22.04 kwenda 24.04 kuwa na msukosuko kuliko zilizotangulia, vifurushi vingi vinapishana mlangoni kwa wakati mmoja.

mgeni_wa_tudor

Kweli, kila moja ina mwenzake. Nimetia Y, imemaliza. Haikupakua karibu chochote, vilikuwa tayari kwenye diski.

Ila `sudo apt update` inakataa. Inasema Release file `is not valid yet`. Na waifai haipo, nimeunganisha simu kwa kebo ya USB, intaneti inapita.

MzeeWaBandari

Andika `date`.

mgeni_wa_tudor

Duh. Mwaka uliopita.

MzeeWaBandari

Nilijua. Hizi ex-UK zinafika hapa na betri ya ubao ikiwa hoi. Wakati stima ipo saa inatembea, ikikatika saa inapotea, na mfumo unaanzia tarehe ya zamani. apt ikiona faili limetiwa sahihi "kesho", inalikataa, na ina haki. Weka saa kwa mkono:

`sudo date -s "MWAKA-MWEZI-SIKU SAA:DAKIKA"`, kwa namba za tarehe na saa ya leo
`sudo hwclock --systohc`

Kisha kanunue betri ya CR2032, hata wauza saa wa Mwembe Tayari wanayo. Ukifungua boksi, angalia na miguu ya vifaa vya ubaoni kama ina kutu ya kijani. Tudor uko karibu na maji, chumvi ile haina huruma.

Mtanga_255

Shikamoo mzee, hilo la saa sikuliwaza kabisa.

mgeni_wa_tudor

Saa imekaa sawa, `apt update` imepita, nikafanya `sudo apt full-upgrade`, ikaongeza vichache. Nikawasha upya bila kugusa menyu. Neno la siri nikaulizwa, ukurasa wa kuingilia ukaja, waifai ikarudi, na `lsb_release -d` inasema Ubuntu 24.04. Hesabu za chama zipo, nimezifungua moja moja mbele ya mama mwenyewe maana hakuniamini. Thunderbird mara ya kwanza ilichelewa mno kufunguka nikadhani barua zimepotea, kisha zikatokea zote.

Mungu awalipe.

BintiMvita

Alhamdulillah. Thunderbird kwenye 24.04 imekuwa snap (kifurushi kinachojitegemea), mara ya kwanza inahamisha wasifu wako wa zamani, ndiyo maana ilijivuta.

Usiondoke bado. Sasa ndiyo zamu ya purge:

`sudo apt purge 'linux-image-5.15.0-91*' 'linux-modules*5.15.0-91*' 'linux-headers-5.15.0-91*'`

Rudia kwa 6.2 na 6.5, kila mara ukisoma orodha kabla ya kukubali. Bakiza unayotumia na moja ya akiba. Kisha yafute yale mawili uliyoweka /root. Na kumbuka PPA na hazina nyingine za nje za programu zilizimwa wakati wa kupandisha, ziko ndani ya `/etc/apt/sources.list.d`, ziwashe moja moja ukihakikisha zina toleo la noble, ndilo jina la 24.04.

Na kwa yule fundi wa "diski imekufa": `sudo apt install smartmontools`, halafu `sudo smartctl -a /dev/sda`. Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, ndizo hesabu za sehemu mbovu za diski.

mgeni_wa_tudor

Zote mbili ni 0.

KibokoWaMtwapa

Haya, Windows nairudisha kabatini 😂

Mtanga_255

Nyongeza mkuu. Ili /boot isijae tena, fungua `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`, badilisha `MODULES=most` iwe `MODULES=dep`, kisha `sudo update-initramfs -u -k all`. initrd itapungua sana kwa kuwa itabeba draiva za mashine yako tu.

BintiMvita

Inapungua kweli, ila mimi kwa Mombasa sipendekezi. Siku ubao wa hiyo HP ukiliwa na kutu na ukahamishia diski kwenye boksi jingine, initrd haitakuwa na draiva za boksi hilo na utarudi kwenye skrini ile ile. Bora ubakize kerneli mbili.

dogo_wa_kongowea

Je, kama hata kerneli ya zamani ingekataa kuwaka?

BintiMvita

Hapo ni fleshi ya Ubuntu, unawasha kutoka humo kwa `Try Ubuntu`, unaingia kwenye mfumo wako kwa chroot. Kwa diski iliyofungwa kama yake, sda3 ikiwa ndiyo LUKS:

`sudo cryptsetup luksOpen /dev/sda3 sda3_crypt`
`sudo vgchange -ay`
`sudo mount /dev/mapper/vgubuntu-root /mnt`
`sudo mount /dev/sda2 /mnt/boot`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for d in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done`
`sudo chroot /mnt`

Namba za sda hakikisha kwa `lsblk -f`, usinakili zangu. Na hilo jina `sda3_crypt` si la kubuni: lazima lifanane na lililoandikwa ndani ya `/etc/crypttab` ya mfumo wako. Ukifungua diski kwa jina lingine, update-initramfs inaweza kutengeneza initrd isiyojua kufungua diski, nawe utamaliza kazi yote, uwashe, na usiulizwe neno la siri. Wengi wamekesha kwa hilo jina tu.

Ukishaingia, hatua ni zile zile: nafasi ya /boot, dpkg, apt, `update-initramfs -c -k all`, `update-grub`.

mama_wawili_nyali

Nimesoma uzi wote nikiogopa. Laptopu ya watoto ina 20.04 hadi leo. Naweza kuruka moja kwa moja hadi 24.04?

BintiMvita

Huwezi kuruka dada yangu, ni 20.04 kwenda 22.04, kisha 24.04. Masasisho ya kawaida ya 20.04 yalikoma tarehe 31 Mei 2025, kwa hivyo usikae sana. Ukitaka muda wa kujipanga, Ubuntu Pro ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine tano, na inaendeleza marekebisho ya usalama ya 20.04 hadi 2030.

Kabla ya kuanza tazama `df -h /boot`, nakili kazi za watoto kwenye diski ya nje, na kwa kuwa ni laptopu acha chaja ndani na betri ikiwa imejaa. Ukifika 22.04 itumie wiki kadhaa kwanza, ina masasisho hadi 2027, hakuna anayekukimbiza.

mama_wawili_nyali

/boot haionekani kwenye orodha ya df, ni / tu. Ni vibaya?

BintiMvita

Ni vizuri. Diski yako haikufungwa, /boot ni folda tu ndani ya /, kwa hiyo inatumia nafasi ya diski nzima. Angalia / ina angalau GB 15 wazi, uanze.